Balanse ya Rughenda

Nilipokuwa mtoto pale Butembo niliamini, kwa moyo wote na kwa akili zote nilizokuwa nazo, kwamba ndege ndogo ikipanda kutoka uwanja wetu wa Rughenda na kuzidiwa uzito juu ya msitu, piloti harudi nyuma. Anafungua mlango na kumshusha abiria aliye mzito kuliko wote. Anamshusha hukohuko juu. Ndiyo maana, alinieleza binamu yangu Paluku, watu hupimwa kilo kabla ya kupanda. Si heshima ile. Ni ili ijulikane mapema nani atashuka njiani.

Mucheke tu. Mimi mwenyewe ninacheka, na nikicheka tumbo langu linaingia chumbani kabla yangu, maana leo mimi ni mtu wa kuzamisha pirogi tatu kwa pamoja. Lakini juzi nilikuwa Kasindi, kufuatilia malori ya tajiri mmoja yaliyokwama mpakani, nikapanga chumba katika nyumba ya wageni nyuma ya uwanja wa malori. Juu ya taulo walikuwa wameniwekea sabuni ndogo, ile ya kufungwa karatasi nyembamba. Nikaifungua, nikainusa. Nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni, baba wa watoto, mwenye ndevu na diploma ya masomo ya jioni, nikashindwa kutoka kwenda kula. Na pale nje mama mmoja alikuwa anakaanga tilapia kwa harufu ambayo ingemtoa askofu katikati ya misa.

Sabuni za namna ile zilikuwa dunia yetu. Kazi ya baba ilikuwa kusindikiza mizigo ya wafanyabiashara wakubwa wa mji, na kwa kazi hiyo alikuwa amekanyaga nusu ya ardhi aliyoiumba Mungu, na nusu nyingine alikuwa ameiona kupitia dirishani. Kila nyumba aliyolala, hakuondoka bila sabuni yake. Angeweza kusahau koti, angeweza kusahau simu, lakini sabuni hapana. Mama alizipanga kwenye kabati la kioo pale sebuleni, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuogea hata moja. Sisi tulioga kwa sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi, ya kufulia mashuka na kuoshea masufuria. Zile za kabatini zilikuwa za kusafiria.

Jumapili baada ya misa, baba alikuwa anafungua kabati. Mimi na dada yangu Masika tulikaa kwenye mkeka, tumefumba macho. Anatuletea sabuni puani.

“Kambale, hapa ni wapi?”

“Kisangani!”

“Umelala wapi?”

“Kwa mama mwenye kasuku ya matusi!”

“Na umekula nini?”

“Funza za ngazi!”

Hapo Masika, akiwaza wale funza wanene wa mti wa mawese, anajifanya kutapika, na baba anacheka mpaka vioo vya kabati vinatetemeka. Kampala ilinukia maua, na huko tulikula ndizi zilizopondwa na mchuzi wa karanga. Dubai ilinukia duka la dawa. Huko baba alilazwa ghorofani, karibu na mawingu, kwenye kitanda laini kiasi kwamba alikishuka na kulala juu ya zulia, akiogopa kitanda kisimmeze. Guangzhou haikunukia kitu chochote, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ya hadithi ya wafanyabiashara wa Butembo waliopika fufu chumbani. Walichoka kula vitu vinavyoteleza kwenye vijiti, wakasonga unga waliouficha katikati ya nguo, moshi ukajaa, kengele ya hoteli ikalia, wazima moto wakapanda na mipira yao ya maji. Baba aliapa kwamba mkubwa wa wale wazima moto alionja tonge moja, akakaa chini, akaomba na mchuzi.

Lakini sabuni iliyokuwa nyingi kuliko zote ilikuwa ya Beni. Nyeupe, yenye harufu ya ndimu. Beni alilala kwa Mama Zaina, mama Mwislamu mwenye nyumba ya wageni karibu na soko na gari moja la kubeba mizigo. “Huyo,” baba alisema, “akipika pilau, hata Papa wa Roma angeuliza mlango wa msikiti uko wapi.” Mama alimpiga na kitambaa cha vyombo kwa dhambi hiyo. Beni haikuwa safari kwetu, ni karibu mno. Ilikuwa alama kwamba baba anarudi. Akishalala kwa Mama Zaina, kesho yuko nyumbani.

Halafu barabara ya kaskazini, ile ya kupita Eringeti kuelekea Bunia, ikaanza kuwa na sifa mbaya. Watu wazima waliitaja kwa sauti ya chini, na mtoto akikaribia alitumwa maji, hata kama mitungi imejaa. Kwa hiyo siku baba alipotakiwa Bunia, tajiri wake akasema apande ndege. Jambo kubwa! Ndugu zetu wote walitaka kumsindikiza Rughenda, kama vile ni yeye aliyeitengeneza hiyo ndege.

Asubuhi ile mama alipika kama mtu anayelisha kikosi cha askari. Fufu ya ukubwa wa kichwa cha ng'ombe, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya ngazi, maharagwe ya madesu, nyama ya mbuzi iliyokuwa imewekewa sikukuu. Ninamwona bado, amesimama na mwiko.

“Ongeza, Papa Masika. Kule hujui batakupa nini.”

“Mama Masika, nimeshiba.”

“Ongeza tu. Ndege haina jiko.”

Akaongeza. Nilihesabu tonge kwa macho mpaka nikachoka.

Pale uwanjani palikuwa na balanse, ile ya bamba la chuma inayopimia magunia ya kahawa. Abiria alipanda juu yake na begi lake mkononi, bwana mmoja mwenye fulana ya rangi ya machungwa akasoma kilo kwa sauti, kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Masista wawili walipanda, wepesi kama makuti. Muzee mmoja mkondefu alipanda, sindano ikakataa kuamka. Wa mwisho akapanda baba. Sindano ikaruka, ikagonga upande, ikatetemeka huko.

“Muzito kuliko bote!” akapiga kelele yule bwana.

Watu wakacheka. Baba akainua mikono yote miwili juu kama bondia aliyeshinda, akageuka huku na huku, akainama kutoa shukrani. Mama alificha uso kwa aibu na kwa furaha. Mimi nilikuwa mtoto mwenye fahari kuliko watoto wote wa Kongo, mpaka Paluku akaniinamia sikioni.

“Maskini papa yako.”

“Juu ya nini?”

Ndipo aliponieleza habari ya mlango. Alinieleza taratibu, kwa huruma, kama padri. Ndege ilikuwa tayari inakimbia kwenye majani. Nikaitazama ikipanda, ikapita juu ya vilima, ikawa kubwa kama kunguru, ikawa kama punje ya haragwe. Sikupepesa jicho. Nilingoja kitu kianguke.

Hakikuanguka kitu. Mchana mama alisema baba amepiga simu, amefika. Nikapumua. Paluku akanikonyeza tu. “Batu bakubwa banasemaka vile,” alisema. “Batakuambia nini ingine?”

Masika alikuwa anajiandaa kwa komunyo yake ya kwanza, na baba alikuwa ameapa mbele yake kwamba atakuwepo. Jumapili ikafika. Nguo nyeupe ikapigwa pasi mpaka ikaweza kusimama peke yake, wali ukapikwa, fanta zikaletwa. Kila gari lililopanda mlima wetu, mama aliinua kichwa. Masika alirudi kutoka kanisani na taji la maua, akauliza, “Papa iko wapi?” na mama akamjibu, “Iko njiani.” Alimjibu hivyo mpaka wali ukapoa.

Kesho yake alikuja dereva wa Mama Zaina kutoka Beni. Alikuwa kijana mwenye mzaha mwingi, aliyezoea kunipandisha mabegani. Siku hiyo hakunigusa. Alivua kofia, akaongea na mama nyuma ya jiko, maneno machache. Nilisikia sauti ya mama tu, imepanda: “Umeona mwili? Weye, na macho yako, umeona mwili? Basi muniachie bwana yangu.” Dereva akaondoka bila kunywa chai. Mama akaingia ndani, akatuambia: “Papa yenu bado iko mu safari.” Akaenda kupika.

Kwetu, mtu akifa, uwanja unajaa. Moto unawashwa, watu wanalala nje, mapadri wanakuja, wajomba wanagombana, kahawa inapikwa kwa pipa. Nyumbani mwetu hapakuwaka moto. Hakuna aliyelia. Kila jioni mama alikata fungu la baba la fufu, lilelile kubwa, akalifunika kwa sahani ya bluu, akaliweka mezani mbele ya kiti chake. Tulikula tukilitazama. Nyumba ikawa na mtu wa nne ambaye hatafuni wala hacheki. Sabuni zilibaki kabatini, na nikipita karibu na kile kioo niliona harufu zote zimekufa isipokuwa ile ya ndimu, ambayo ilinifuata hadi kitandani.

Asubuhi, kwa kuwa chakula hakitupwi, mama alikaanga fungu la baba, akanipa mimi. “Kula, weye njo mwanaume wa hapa.”

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokamilika. Baba alikuwa mzito kuliko wote. Nilisikia kwa masikio yangu, uwanja wote ulisikia. Aliyemfanya mzito ni mama, kwa mwiko wake, akisema ongeza, ongeza. Na sasa ananilisha mimi chakula kilekile, kiti kilekile, ili sindano iruke tena. Kwa hiyo nikaacha kula. Si kwamba nilitaka kufa, jamani! Nilikuwa na mpango. Nitakuwa mwepesi kuliko wote, mwepesi kuliko wale masista. Siku moja nitapanda ndege, piloti hatanigusa, na nitachungulia dirishani mpaka nilione tundu kwenye msitu, mahali matawi yalipovunjika, na nitajua baba alipita hapo. Nilimwazia amekaa chini ya miti, na begi lake, anasubiri mtu mwembamba wa kutosha aje kumtafuta.

Sokoni kulikuwa na mama mmoja muuza viazi vya Lubero mwenye balanse yake. Nikitoka shule nilikuwa napanda. “Angalieni hii kiazi!” aliwaita wenzake. “Badala ya kukomaa inarudia kuwa mbegu!” Wote walicheka sana. Mimi nilitazama sindano ikishuka, nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Mama alinipeleka kwenye kituo cha afya, wakanipa dawa ya minyoo. Minyoo yenyewe, kama ilikuwepo, ilikuwa imeshahama kwa njaa. Shangazi akasema ni mayembe, uchawi, tumetupiwa. Wakaja watu wa maombi, wakaniwekea mikono kichwani mpaka shingo ikaniuma. Nilikunywa maji, nikala embe moja moja, mikate ya jirani, chochote ambacho mkono wa mama haujakigusa. Siku moja alipiga magoti mbele yangu na sahani.

“Kambale, juu ya nini unakataa chakula yangu? Nimekukosea nini?”

Nilimtazama. Nilikuwa na jibu mdomoni. Sikulitoa. Akabaki pale sakafuni, na sahani ikapoa mikononi mwake.

Sijui nani alimpelekea Mama Zaina habari. Alipiga simu, na sauti yake ilisikika mpaka uani: “Niletee ule mutoto hapa Beni. Kwangu hakuna mutu anakataaka pilau, ata wagonjwa, ata wakusanya kodi!” Basi tukapanda taxi, mama na mimi, Masika akabaki kwa shangazi. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kweli, na nimeisahau yote. Nakumbuka tu kwamba joto liliongezeka kila tuliposhuka, na mama hakuachia mkono wangu hata pale alipotafuta kitambaa cha kufuta jasho.

Mama Zaina alikuwa mama mfupi, mpana, na bangili zilizopiga kelele kuliko redio. Alinishika mashavu. “Hii ni nini? Ni mutoto ama ni fimbo ya mwavuli? Karibuni, Mama Masika. Karibuni, muko kwenu.” Akatufungulia chumba. “Hapa njo pa papa yako,” alinambia. “Tangu siku ile sikulazisha mutu humu.”

Kitanda cha mbao, chandarua kilichofungwa fundo, ndoo ya maji, taulo limekunjwa. Juu ya taulo, sabuni. Nyeupe, bado imo ndani ya karatasi yake. Niliinusa bila kuifungua: ndimu. Sikuhitaji kufumba macho. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Baba angelala hapa, sabuni hii ingekuwa kwenye kabati letu. Haiko kwenye kabati, basi baba hakufika Beni. Alishukia juu. Nikaiweka palepale ilipokuwa, sawasawa katikati ya taulo, ili akija aikute.

Mchana tukaitwa mezani, chini ya paa la mabati nje ya jiko. Mama Zaina alileta sinia ya pilau, na mimi ambaye nimekula katika nyumba za wageni zote kutoka Kasindi mpaka Kisangani nawaambia: harufu ile ilinishika kola. Mchele umetenganishwa punje kwa punje, nyama ya mbuzi, vitunguu vya kuungua, mdalasini. Mate yalinijaa mdomoni mpaka nikaogopa kuongea.

“Kula, papa,” alisema Mama Zaina, kama wanavyoita watoto wa kiume kwetu wanapowabembeleza.

“Hapana.”

“Juu ya nini hapana?”

“Nitakuwa muzito.”

Akacheka, bangili zikacheka naye. “Na ukiwa muzito? Utavunja kiti yangu?”

“Watanitupa mu ndege. Kama vile balitupa papa.”

Bangili zikanyamaza. Nikasema yote, maana njaa inafungua mdomo kuliko pombe. Nilisema habari ya balanse, ya bwana wa fulana ya machungwa, mlango, msitu, tundu nitakalolitafuta. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikatoa na lile jibu lililokaa mdomoni tangu siku ya magoti. Nilinyoosha kidole.

“Na ni fufu ya mama. Papa alisema ameshiba. Mama alisema ongeza.”

Mama alikuwa na tonge mkononi. Halikwenda mdomoni, halikurudi kwenye sinia. Nilitazama vidole vyake vikilibana mpaka punje zikaanza kudondoka moja moja kwenye kitenge chake.

“Mama Masika,” Mama Zaina alisema taratibu. “Hukuambia batoto?”

“Niambie nini? Sikuona mwili.”

“Nilikutumia dereva. Alikuambia.”

“Aliniambia. Sikuona mwili.”

“Basi donc unangoja uone mwili wa huyu?”

Mama aliniangalia. Sijui aliona nini. Labda shingo yangu, labda mikono. Akavuta kitenge, akafunika mdomo, na sauti ikatoka ndani ya kitambaa, ndogo, kama ya Masika anapoulizwa katekisimu.

“Sema weye. Mimi siwezi.”

Mama Zaina alinawa mikono, akaifuta. Akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa yangu. Aliongea nami, lakini mara kwa mara macho yake yalikwenda kwa mama, na mama hakuyakwepa.

“Kambale, sikia. Ndege hapana tupa mutu. Papa yako alifika Bunia muzima, akafanya kazi yake, akaimaliza. Ndege ya kurudia ilikawia, na yeye alitaka kufika mbele ya komunyo ya yaya yako Masika, donc akapanda gari. Alinipigia simu pale Komanda: Mama Zaina, uniwekee chumba na pilau. Nilipika. Batu ba silaha balikamata ile gari mbele ya kufika Eringeti, bakaua bote balikuwa ndani, banene na bakondefu, ata batoto. Haikuwa juu ya kilo. Haikuwa juu ya fufu ya mama yako. Ni batu njo balimuua. Sasa kula, chakula ingali moto.”